Jina la Newala liko Maputo

Najua kimya kimekuwa kirefu. Bumu lilichelewa, asaimenti zikapandana, na jaribio likaingia katikati kama mgeni wa saa ya kula. Sasa nimepumua kidogo, nikasema niandike jambo lililokuwa likinizunguka kichwani tangu semista ianze. Linahusu mawe. Yaani mawe ya kumbukumbu za vita. Usikimbie, kuna hadithi ndani.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Newala, juu kabisa ya uwanda wa Makonde, pale ambapo ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limetandikwa chini kama mkeka, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Hapa chuoni nikisema kwetu ni Newala, watu wanauliza korosho. Wakimaliza korosho wanauliza vinyago. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu vita. Kumbe jina la Newala limechongwa kwenye mnara wa vita, tena katikati ya mji mkuu. Siyo Dodoma wala Dar. Ni Maputo.

Mnara wenyewe upo mbele ya stesheni kuu ya treni ya Maputo. Ulizinduliwa mwaka 1935, enzi hizo mji ukiitwa Lourenço Marques, na mchongaji wake alikuwa Mreno, Rui Roque Gameiro. Juu amesimama mwanamke mkubwa wa mawe, na nyoka yupo naye. Chini yake kuna michoro ya kuchongwa inayoonyesha mapigano ya Wareno katika Vita Kuu ya Kwanza: Kionga, Mecula, Quivambo na Newala. Wao wanaandika Nevala, kwa v. Mimi nimeiona kwenye picha tu, lakini nilipoliona jina la kwetu pale nilikaa kimya dakika kadhaa. Mwenzangu wa chumbani akadhani nimepata taarifa ya msiba.

Sasa Newala imefikaje huko? Twende taratibu.

Wakati wa vita ile kwetu alikuwa Mjerumani, na ng'ambo ya Ruvuma alikuwa Mreno. Ureno iliingia vitani mwaka 1916. Mwezi Aprili mwaka huo ikachukua Kionga, kipande kidogo cha ardhi kusini ya mdomo wa Ruvuma. Septemba wakavuka mto, na Oktoba wakawa wamekaa ndani ya boma la Newala. Raha yao haikufika hata miezi miwili. Novemba Wajerumani walirudi na askari wao, wakalizunguka boma. Na hapa ndipo mtu wa Newala anatabasamu kwa uchungu, kwa sababu hahitaji kusoma chuo kikuu kujua kilichowashinda Wareno. Ni maji! Uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu, mvua ikinyesha inazama yote, chemchemi ziko chini mabondeni. Wajerumani wakaikata njia ya maji, walio ndani ya boma wakabaki na kiu. Mwisho wa Novemba 1916 wakatoka usiku, wakarudi kwao ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo mnara wa Maputo unaadhimisha, pamoja na mengine, vita vya kugombea maji ya kunywa Newala. Na walioandikwa kama wenye vita ni wageni waliokuja kuichukua wakashindwa kukaa. Sisi tumo kama jina la mahali tu, kama kibao cha barabarani.

Mwaka uliofuata ndio ulikuwa mbaya zaidi. Oktoba 1917 pale Mahiwa, njia ya kwenda Lindi, Waingereza na Wajerumani walipigana siku nne, na upande wa Waingereza peke yake zaidi ya watu 2,000 wakauawa au kujeruhiwa. Wengi wao walikuwa Waafrika, wakiwemo Wanigeria walioletwa kutoka upande mwingine kabisa wa bara. Kisha vita ikapanda kwetu. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alibanwa kwenye uwanda wa Makonde. Akawaacha wagonjwa na majeruhi, akachagua Wazungu kama 300, askari kama 1,700 na wapagazi kama 3,000, na tarehe 25 Novemba 1917 akavuka Ruvuma pale Ngomano.

Hata Ulaya walikuwa wakitutazama. Mwezi huohuo Wajerumani walirusha meli ya angani, L59, kutoka Bulgaria, imejaa risasi na dawa, ije ishuke kwenye uwanda wetu. Ilifika Sudan ikaambiwa igeuze, uwanda umeshachukuliwa. Ikarudi Bulgaria baada ya saa 95 hewani. Fikiria bibi zetu wangeiona ile kitu inashuka juu ya mashamba ya mihogo. Teh teh.

Lakini tuangalie vizuri hizo namba za Lettow-Vorbeck. Wapagazi ni wengi kuliko askari. Upande wa Waingereza ilikuwa hivyohivyo, tena kwa mamia ya maelfu. Barabara hazikuwepo, punda na farasi waliuawa na mbung'o, kwa hiyo kila risasi, kila kibaba cha unga na kila kitanda cha afisa kilipanda kichwani mwa mtu. Mtu huyo alikula kidogo, alilala nje, akafa kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Ukienda Kariakoo kununua simu, kumbuka kwamba jina hilo linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps.

Je, wana mnara? Wadau wa Dar mtasema wanao, ule wa Askari pale Barabara ya Samora. Nilipanda gari mpaka Posta makusudi kwenda kuuangalia, maana kila siku tunaupita tu. Uzuri wake mimi siupingi. Askari wa shaba, singe mbele, anaelekea bandarini. Ni kazi ya James Alexander Stevenson, ulizinduliwa mwaka 1927. Ubavuni mwa kitako kuna michoro ya shaba, na wapagazi wamo. Maandishi yapo kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa hati za Kiarabu. Ya Kiingereza aliyatunga Rudyard Kipling, na yanawaahidi waliokufa kwamba majina yao hayatapotea kwa watoto wao.

Nikauzunguka mara mbili kutafuta hayo majina. Hakuna hata moja.

Kabla ya huyu askari palikuwa na sanamu nyingine mjini, ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyozinduliwa mwaka 1909. Wazee wa mjini huuita mnara wa sasa sanamu ya Bismini, na ukilitamka jina hilo polepole utamsikia Wissmann ndani yake. Katika ile ya zamani Wissmann alisimama juu, na askari Mwafrika chini anamtazama. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hicho wakaiangusha. Wanafunzi kama sisi, jamani! Kwa hiyo maana ya sanamu inategemea nani yuko juu, nani yuko chini, na nani hayupo kabisa.

Wasiokuwepo ndio hasa wamenifanya niandike leo.

Baada ya vita Waingereza walikuwa na tume ya makaburi, ile ambayo siku hizi ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yao ilikuwa nzuri, na mimi nasema ni usanifu mzuri kuliko sanamu zote: kila aliyekufa atajwe kwa jina, na mawe ya makaburi yafanane, jenerali asimzidi kuruta hata kwa nchi moja. Jiwe lenyewe linasema watu ni sawa. Nendeni makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo mkaone mistari ilivyonyooka. Lakini Aprili 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti na kukiri kwamba kanuni hiyo haikuwafikia wote. Watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa popote. Makaburi mengi ya Waafrika yaliachwa yarudi kuwa pori.

Nikaisoma hiyo namba mara tatu, nikampigia simu bibi.

Bibi yangu alizaliwa miaka ya 1940. Mama yake alikuwa na kaka mmoja, na nyie mnaojua mila zetu Wamakonde mnajua mjomba ni nani katika ukoo. Mjomba ndiye nguzo. Huyo mjomba alichukuliwa Newala wakati wa vita kwenda kubeba mizigo. Nilikuwa najua hivyo tu, kwamba "alichukuliwa na Wazungu". Safari hii nikamuuliza bibi vizuri: alichukuliwa na nani, alibeba nini?

Akaniambia, "Wazungu gani mjukuu wangu mimi sikuwepo. Mama alisema walikuja wakafungua ghala letu, wakachota mtama, wakamtwisha yeye. Mjomba aliondoka na mtama wetu wenyewe kichwani."

Nikauliza alifia wapi. Akasema, "Nani alileta habari? Hatukukaa matanga yake. Utakaaje matanga ya mtu hujaambiwa amekufa? Mama yangu alikuwa akisikia mbwa anabweka usiku anatoka nje kuangalia, mpaka uzee wake."

Wadau, hapo mimi sikuwa na swali jingine.

Hebu liangalieni hilo la mtama. Walibaki nyumbani bila mjomba na bila chakula. Njaa ikawafuata, na baada ya njaa yakaja yale mafua makali ya mwaka 1918. Kwenye mnara wa Maputo hilo huliweki wapi. Kwenye askari wa Samora hulikuti. Na kila dua nyumbani kwetu jina la yule mjomba linasomwa katikati ya marehemu wengine, huku bibi akinong'ona "kama ni marehemu." Zaidi ya miaka mia imepita, bado anasema kama.

Usiku ule nikamwambia mwenzangu wa chumbani kwamba Newala inahitaji mnara. Mwenzangu ni mtu wa Mbeya, anasoma uhandisi wa ujenzi, na ana mdomo. Nitawaandikia mazungumzo kama yalivyokuwa.

"Mnara wa nini?"

"Wa wapagazi. Wa mawe, na majina."

"Newala kuna mawe?"

Swali la kihandisi hilo, na jibu ni kwamba hakuna. Ni mchanga na udongo mwekundu. Lakini ukishuka kwenda Masasi, mawe ndiyo mji wenyewe. Majabali yamesimama peke yake katikati ya tambarare kama tembo waliolala, Mtandi, Mkwera na wenzake. Nikamwambia tutachukua Masasi. Na inafaa, maana Masasi nayo imeona mambo. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika pale mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, mji ukavamiwa na Wangoni mwaka 1882, misheni ikachomwa moto wakati wa Majimaji mwaka 1905, halafu ndiyo ikaja vita hii. Mawe ya Masasi yameshuhudia yote.

"Sawa," akasema. "Mnara utafanya kazi gani?"

"Kazi ya kukumbusha."

"Mmakonde wewe, mama zako wanapanga foleni ya maji, halafu unataka kuwajengea jiwe la kuangalia? Mimi ningekuwa diwani ningekufukuza."

Tulibishana mpaka saa saba usiku. Mwanzoni nilimwona hana heshima kwa wafu. Lakini hoja yake ilikuwa na uzito, na mtu wa Newala hawezi kuipuuza. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, maji yanasukumwa kutoka Mitema bondeni mpaka juu, na bado ndoo ni sehemu ya maisha yetu. Kabla ya hapo wanawake walishuka bondeni na kupanda tena na maji kichwani, saa kadhaa kwa ndoo moja. Mnara usiojua hayo ungekuwa kama ule wa Maputo, yaani wa watu wengine.

Hapo nikakumbuka habari moja ya Maputo ambayo sijawaambia. Wenyeji wa pale wana hadithi yao kuhusu yule mwanamke wa mawe. Wanasema zamani kulikuwa na nyoka juu ya mti, anawarukia wapita njia na kuwaua. Mwanamke mmoja akapika uji, akautia chungu ukiwa unachemka, akajitwisha kichwani akapita chini ya mti. Nyoka akaruka, akatumbukia kwenye uji akafa. Mwanamke wa mnara ndiye huyo. Wareno walijenga sanamu ya ushujaa wa Ureno, watu wakaigeuza ikawa ya mama mwenye chungu kichwani.

Nikamsimulia mwenzangu. Akanyamaza, jambo ambalo ni nadra. Halafu akachukua karatasi ya miraba akaanza kuchora.

Alichochora ndicho ninachowaletea leo. Ni kituo cha kuchotea maji. Tanki limekaa juu, na chini yake kuna ukuta wa mawe ya Masasi, mrefu kwenda pembeni lakini mfupi kwenda juu, usiozidi kimo cha mtu. Mabomba yanatoka ukutani. Juu ya kila bomba kuna kijiji kimoja, na chini ya jina la kijiji kuna majina ya watu waliochukuliwa vitani wasirudi. Aliyebebeshwa na Mjerumani, Mwingereza au Mreno, wote pamoja, herufi za ukubwa mmoja. Hakuna sanamu ya askari, wala singe. Na kila kijiji kiachiwe nafasi tupu kwa ambao majina yao yatapatikana baadaye.

Kilichonimaliza ni vipimo. Aliyaweka majina chini, mahali ambapo macho yanafika mtu anapoinama kuweka ndoo. Nikamuuliza kwa nini asiyapandishe juu yaonekane kwa mbali. Akasema, "Wa mbali ana haraka. Anayesoma ni aliye kwenye foleni." Mtoto aliyetumwa maji atayasoma kila siku mpaka ayajue kwa moyo, kama tulivyojua matangazo ya ukutani tukiwa wadogo.

Na kuna mfano wake. Zanzibar, pale Mnazi Mmoja, lipo jengo jeupe lenye kuba linaloitwa Beit el Amani. Hilo ni ukumbusho wa Vita Kuu ya Kwanza, lilichorwa na J. H. Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925 likiwa makumbusho. Watu waliingia kujifunza mambo, huku jengo lenyewe ni la kuwakumbuka waliokufa. Kwa hiyo ukumbusho unaweza kuwa na kazi.

Najua mtakachosema. Pesa zitoke wapi? Halmashauri ina madawati ya kununua. Ni kweli. Lakini vituo vya maji vitajengwa tu, leo au kesho, Newala, Tandahimba na kwingineko. Kuchonga majina kwenye ukuta ambao utajengwa hata hivyo hakuhitaji bajeti kubwa. Kigumu ni majina yenyewe. Jiwe liko Masasi, litangoja miaka elfu. Bibi hatangoja. Walioona wameshaisha wote, sasa tunao walioambiwa na walioona, na hao nao wanapungua kila masika. Wakiisha, ile nafasi tupu ukutani itabaki tupu kweli.

Nilimpigia bibi tena nikamsomea mchoro kwa simu, bomba kwa bomba. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza kitu kimoja: "Na jina lake likishaandikwa, tutakaa matanga?"

Nikamwambia ndiyo bibi, tutakaa.

"Basi andika," akasema, akaanza kunitajia. Hakuwa yule mjomba peke yake. Alitaja watu sita wa kijiji chetu, mmojammoja, na mama zao. Nimewaandika kwenye daftari la somo la takwimu kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

Kwa hiyo ombi langu ni moja tu, hasa kwa wana Kusini mliopo hapa chuoni. Likizo inakaribia. Ukifika nyumbani, kabla hujalala, kabla hujaanza kuonyesha picha za Dar, kaa na bibi au babu umuulize: katika ukoo wetu nani alichukuliwa wakati wa vita ya Mjerumani asirudi? Alikuwa mtoto wa nani? Alibeba nini? Andika, hata kama ni nyuma ya risiti ya basi. Mimi daftari langu lina sita. Mwenzangu wa Mbeya anasema ukuta wake unachukua hata mia tano, na ameshaanza kunidai.

Ni hayo kwa leo. Naenda kusoma, kesho kuna jaribio la takwimu na daftari limejaa wapagazi. Tupo pamoja.